Shokapu za Nyuma za Pikipiki, na Namna ya Kuzirekebisha kwa Njia za Uluguru

Mhariri wa gazeti letu la shule ameniomba niandike somo moja la Fizikia ambalo mwanafunzi aweza kulisoma nyumbani pamoja na wazazi wake. Nilifikiri kwanza nieleze habari za umeme au za mwanga, lakini hayo yamo vitabuni na mtayapata darasani. Nimeonelea afadhali nieleze kitu ambacho wengi wetu tunakikalia karibu kila siku wala hatukitazami, nacho ni shokapu za nyuma za pikipiki.

Kila mkaaji wa Morogoro ajua jinsi pikipiki zilivyokuwa miguu ya Milima ya Uluguru. Mji wetu uko kiasi cha mita 500 tu juu ya bahari, lakini vijiji vingi vya Mgeta viko zaidi ya mita 1,000, na njia za kuvifikia zina mawe, makorongo na kona zisizohesabika. Ndizi, mananasi na machungwa ya upande wa Kinole na Mkuyuni, kabichi, njegere na viazi vya upande wa Nyandira, sehemu kubwa ya vitu hivyo hushuka juu ya pikipiki mpaka barabara ya magari, au moja kwa moja mpaka Soko Kuu la Chifu Kingalu. Kwa pikipiki hizo hizo wagonjwa hushushwa hospitali na walimu hupandishwa kwenda kazini. Na katika shule yetu wako wanafunzi ambao sare zao, daftari zao na nauli zao zote zatokana na pikipiki moja ya baba au ya kaka. Pikipiki hiyo ikivunjika chuma cha nyuma, au ikimwangusha mwenyewe korongoni, taabu yake yafika mpaka darasani. Kwa hiyo somo hili si la wapenda mashine peke yao.

Tazama pikipiki yoyote ya kazi iliyosimama kijiweni. Gurudumu la nyuma limeshikwa na chuma chenye umbo la uma, ambacho mwisho wake wa mbele umefungwa kwa boliti kubwa karibu na injini, nao mwisho wa nyuma waweza kupanda na kushuka. Kati ya chuma hicho na fremu pana shokapu mbili, moja kulia na moja kushoto. Kila shokapu ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Cha nje ni springi, ambayo wazee wetu waliiita kamani. Cha ndani ni bomba lenye mafuta na fimbo ya chuma inayoingia na kutoka. Watu wengi hudhani vitu hivi viwili vyafanya kazi moja. La, sivyo. Springi hubeba mzigo na kuurudisha juu. Mafuta hayabebi mzigo hata kidogo. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kudunda baada ya kubonyezwa. Tofauti hii yafaa kushikwa sana, maana nusu ya makosa ya matengenezo yatokana na kuvichanganya.

Chini ya springi, na kwa pikipiki nyingine juu yake, mtaona pete ya chuma iliyochongwa ngazi ngazi. Aghalabu ngazi hizo ni tano. Pete ikizungushwa ipande ngazi ya juu, springi hubanwa kabla hata ya mtu kupanda. Ikirudishwa ngazi ya kwanza, springi hulegea. Pete hiyo ndiyo kitu pekee ambacho mwenye pikipiki ya kawaida aweza kukirekebisha katika shokapu zake za nyuma, na imewekwa hapo na waliotengeneza pikipiki ili izungushwe. Lakini ukienda kijiweni ukachunguza, utakuta nyingi zimeota kutu mahali pamoja tangu siku ya kununuliwa.

Kijana mmoja wa Kinole, ambaye alisoma hapa zamani kidogo, alinikuta sokoni akishusha mikungu ya ndizi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Kinole?"

"Njema, Mwalimu, ila njia ndiyo kama unavyoijua."

Nikamwuliza pete za shokapu zake ziko ngazi ya ngapi.

"Ya mwisho," akasema. "Fundi alinikazia siku ile ile niliyoichukua. Alisema ngazi ya mwisho ndiyo ya kazi, springi inakuwa ngumu."

"Na ukirudi mtupu?"

Akacheka. "Ukirudi mtupu inakurusha kama punda asiyekujua. Huwa nasimama kwenye vikanyagio mpaka nifike."

Maneno ya kijana huyu ndiyo maneno ya karibu kila mwendesha bodaboda, nayo yana jambo moja la kweli na moja lisilo kweli. La kweli ni kwamba akirudi mtupu hurushwa. Lisilo kweli ni kwamba pete huifanya springi iwe ngumu. Tuangalie kwa nini.

Mwingereza Robert Hooke alieleza kanuni ya springi katika kitabu alichochapisha mwaka 1678. Kanuni yenyewe ni nyepesi: kadiri unavyozidisha mzigo, ndivyo springi inavyozidi kubonyea, kwa kipimo kile kile. Kilo kumi zikiibonyeza milimita mbili na nusu, kilo ishirini zitaibonyeza milimita tano. Mwaweza kuijaribu wenyewe kwa springi ndogo iliyomo ndani ya kalamu ya wino. Ugumu wa springi ni hicho kipimo, yaani zahitajiwa kilo ngapi ili ibonyee milimita moja. Nacho hutokana na unene wa waya, upana wa mzunguko, idadi ya mizunguko, na aina ya chuma. Kuzungusha pete hakubadili hata kimoja katika hivyo vinne. Springi ya kawaida iliyobanwa milimita kumi bado ni springi ile ile.

Basi pete hufanya nini? Hunyanyua. Mzigo ukiwa ule ule, pete ikipanda milimita nne, sehemu ya nyuma ya pikipiki nayo hupanda milimita nne. Ni kama mtu aliyekaa kwenye kiti kifupi, ukamwekea ubao chini ya miguu ya kiti. Kiti hakikuwa kigumu zaidi, ila mtu yuko juu zaidi.

Sasa tufanye hesabu. Hizi ni tarakimu za mfano tu, nilizozichagua ziwe nyepesi, lakini haziko mbali na pikipiki za njia zetu. Kwa wepesi naandika kilo mahali ambapo Fizikia hutaka nyutoni. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wazidishe kwa 9.8 wakipenda.

Tuseme springi zote mbili pamoja hubonyea milimita 1 kwa kila kilo 4. Nafasi yote ya shokapu kutoka juu mpaka igonge chini ni milimita 80. Kila ngazi ya pete ni milimita 4, kwa hiyo kutoka ngazi ya kwanza mpaka ya tano pana milimita 16. Mwendeshaji akiwa peke yake, uzito unaozilemea springi za nyuma ni kilo 88, yaani sehemu ya pikipiki pamoja na sehemu yake mwenyewe.

Kwenye ngazi ya kwanza, kilo 88 hubonyeza milimita 22. Zimebaki milimita 58 za kupokea mawe, na zile 22 nazo hazikupotea. Hizo ndizo zinazoliwezesha gurudumu kushuka ndani ya shimo na kuendelea kugusa ardhi huku kiti kikibaki mahali pake. Hapo panaketika vizuri.

Sasa apakie mzigo wa kilo 100 juu ya keria. Springi zabeba kilo 188, zabonyea milimita 47. Akisimama haoni neno. Lakini akiingia shimoni kwa kasi, uzito hujidhihirisha kama maradufu kwa dakika ile, na springi hutaka kubonyea milimita 94. Nafasi ni 80 tu! Shokapu hugonga chini, chuma kwa chuma, na kishindo chote chaingia katika fremu, katika spoku za gurudumu na katika kiuno cha mwendeshaji. Hiki kishindo ndicho kinachopasua fremu pale keria ilipochomelewa. Akipandisha pete mpaka ngazi ya tano kabla ya kupakia, zile 94 zitapungua kwa 16, zitakuwa 78. Imepona kwa milimita mbili.

Kwa hiyo fundi yule hakusema uongo mtupu. Kwa mzigo wa kilo 100 ngazi ya mwisho ndiyo yake. Ila mwendeshaji ameshusha mzigo sokoni, anapanda Kinole peke yake, na pete bado iko ngazi ya tano. Kilo 88 zingebonyeza milimita 22, lakini 16 zimekwisha kuliwa na pete, zimebaki 6. Gurudumu la nyuma laweza kushuka milimita 6 tu. Shimo likizidi hapo, tairi haigusi ardhi mpaka pikipiki nzima iangukie chini pamoja na mtu wake. Na tairi isiyogusa ardhi haisukumi, haipigi breki, wala haishiki kona. Kijana wetu husimama kwenye vikanyagio kwa sababu magoti yake yanafanya kazi ambayo shokapu zimenyimwa nafasi ya kuifanya.

Na lumbesa je? Tuseme badala ya kilo 100 amepakia 140. Springi zabeba 228, shimoni zataka milimita 114, toa 16 za pete, zabaki 98. Imegonga chini, na pete iko mwisho. Hapa hakuna spana itakayosaidia. Kitabu kinachotolewa pamoja na pikipiki hutaja uzito wa juu unaoruhusiwa, mwendeshaji mwenyewe akiwa amehesabiwa ndani yake, na kwa pikipiki nyingi za njia zetu uzito huo hupitwa hata kabla gunia la pili halijafungwa. Nayasema haya kwa wazazi hasa, kwa kuwa mtoto hawezi kumwambia baba yake apunguze gunia. Nafuu ya safari moja iliyojazwa kupita kiasi hulipwa kwa fundi wa kuchomelea.

Namna ya kujua ngazi inayofaa si kubahatisha. Chukua futi kamba au rula, na mtu wa pili akusaidie. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa ili gurudumu la nyuma lining'inie hewani, kisha pima kutoka nati ya ekseli ya nyuma kwenda juu wima mpaka alama uliyoitia kwenye fremu chini ya kiti. Andika kipimo. Halafu ishushe, mwendeshaji akae mahali pake na miguu juu ya vikanyagio, mwenzake akiishika isianguke, abiria au mzigo ukiwemo kama ndivyo safari itakavyokuwa. Tikisa kidogo, iache itulie, pima tena mahali pale pale. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo milimita ambazo shokapu imekaa. Mafundi wa nchi nyingi hupenda iwe kati ya robo na theluthi ya nafasi yote. Katika mfano wetu wa milimita 80, ni kati ya 20 na 27.

Angalia sasa. Mwendeshaji peke yake ngazi ya kwanza: 22, ni sawa. Akipakia abiria wa kilo 60, springi zabeba 148 na zabonyea 37. Akizungusha mpaka ngazi ya nne inakuwa 25, ni sawa. Kwa mzigo wa kilo 100 hata ngazi ya tano hufikia 31, imepita theluthi. Pikipiki yenyewe inatuambia kwamba tumefika ukingoni.

Kuzungusha pete kwataka spana yenye ncha ya ndoano, ambayo huja pamoja na pikipiki mpya katika kifuko cha vifaa. Wengi wamekwisha kuipoteza, nao hutumia bisibisi na nyundo. Meno ya pete hukatika, kisha haizunguki tena daima. Safisha udongo kwanza, tia tone la mafuta, na uzungushe pikipiki ikiwa juu ya stendi kubwa bila mzigo, maana hapo springi imelegea. Kulia na kushoto ziwe ngazi moja. Nimeona pikipiki iliyokuwa ya pili upande mmoja na ya nne upande wa pili, na mwenyewe akilalamika kwamba haendi sawa. Uma wa nyuma ulikuwa ukisokotwa kila shimo.

Yule kijana wa Kinole nilimshushia mpaka ngazi ya pili pale pale sokoni, mzigo ukiwa umekwisha kutolewa. Alikwenda mpaka Bigwa akarudi. Hakunisifu, aliniuliza tu spana ile inauzwa wapi.

Mpaka hapa tumesema habari za kuketi vizuri. Lakini pete hubadili pia namna pikipiki inavyokwenda, na katika milima hili ndilo jambo kubwa zaidi. Nyuma ikilala sana, pua ya pikipiki huinuka na uma wa mbele hulala kwa nyuma. Usukani huwa mzito kugeuka, na katika kona pikipiki hutaka kwenda moja kwa moja nje ya njia. Usiku taa yake humulika matawi ya miti na macho ya wanaokuja badala ya njia. Nyuma ikiinuliwa kupita kiasi na mtu yuko peke yake, mambo hugeuka: usukani huwa mwepesi mno, hutikisika kwenye mawe, na katika mteremko uzito mwingi hulalia gurudumu la mbele. Mtu akiikamata breki ya mbele kwa nguvu hapo juu ya udongo mwekundu uliolowa wakati wa masika, sina haja ya kueleza yanayofuata. Anayeshuka kutoka Nyandira kuelekea Sangasanga hupita miteremko mingi kabla hajaiona lami ya barabara ya Iringa, naye ahitaji gurudumu la mbele lisilo jepesi wala zito kupita kiasi.

Lakini pana jambo ambalo pete haiwezi kulisahihisha, nalo ni mahali mzigo ulipofungwa. Wanafunzi wa Kidato cha Pili wajua habari za wenzo. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwa pikipiki nyingi za kazi ni karibu milimita 1,250. Mzigo ukikaa kati ya ekseli hizo, magurudumu yote mawili yaubeba. Ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, pikipiki huwa kama mizani ya kubembea: ekseli ya nyuma ni egemeo, na gurudumu la mbele lanyanyuliwa. Kilo 100 zilizofungwa milimita 300 nyuma ya ekseli hupunguza uzito wa gurudumu la mbele kwa 100 mara 300 gawanya kwa 1,250, yaani kilo 24. Hiyo ni kwenye tambarare. Katika mpando huzidi. Ndiyo sababu mwaona waendeshaji wakipanda mlima na matenga marefu nyuma wamelalia tangi la mafuta kwa kifua. Hawakufundishwa momenti, lakini mwili umejifunza. Tenga lile lile likisogezwa mbele kwa kiganja kimoja na kushushwa pande mbili za gurudumu, usukani hurudi mikononi mwa mwenyewe bila senti moja kutumika.

Nirudi sasa kwenye mafuta. Fimbo ya shokapu ikiingia na kutoka, mafuta hulazimishwa kupita katika matundu madogo, na kwa kupita kwa shida huko nguvu ya kudunda hugeuka kuwa joto. Guseni shokapu ya pikipiki iliyotoka kushuka njia ya mawe: huwa vuguvugu. Mafuta yakipata moto sana huwa mepesi na kupita kirahisi, ndiyo maana mwisho wa mteremko mrefu pikipiki huanza kuelea kama mtumbwi. Ikipoa hurudi. Lakini sili ya mpira ikikatika, mafuta hutoka nje kabisa, na hapo hairudi. Dalili zake ni fimbo iliyolowa na kushika vumbi jeusi, na pikipiki inayodunda mara tatu au nne baada ya shimo moja. Jaribio lake ni jepesi: bonyeza kiti kwa nguvu kwa mikono miwili kisha uachie. Nyuma yapasa ipande mara moja itulie. Ikicheza juu na chini, shokapu imekufa, ijapokuwa springi yake ni nzima. Hakuna ngazi ya pete inayotibu ugonjwa huo. Anayekaza pete kwa sababu hiyo azidisha kudunda. Shokapu nyingi za bei nafuu hazikutengenezwa zifunguliwe. Dawa yake ni kubadilisha, zote mbili kwa pamoja.

Mafundi wetu wana akili nyingi, nami nawaheshimu, ila dawa moja yao siipendi. Hupachika vipande vya mpira wa tairi kuukuu kati ya mizunguko ya springi. Hapo kweli springi huwa ngumu, kwa kuwa mizunguko michache ndiyo inayobaki ikifanya kazi. Lakini mizunguko hiyo michache hubeba taabu ya yote na huvunjika mapema, nayo mafuta yaliyopimiwa springi laini hayawezi kuituliza springi ngumu. Wengine huongeza shokapu ya tatu na ya nne. Fremu chini yake ni ile ile, wala haikuambiwa kwamba imeongezewa wageni.

Msidhani kwamba taabu hii ni yetu peke yetu. Katika Kanada, ambako theluji hufunika nchi miezi mingi, watu husafiri kwa mashine yenye sketi mbili mbele na mkanda wa mpira nyuma. Joseph-Armand Bombardier alianza kuuza yake iitwayo Ski-Doo mwaka 1959. Mashine hizo hazina gurudumu, lakini zina springi za nyuma ambazo mwenyewe huzikaza akipakia mtu wa pili na kuzilegeza akiwa peke yake, naye hupima kwa rula vile vile. Nyuma ikilala mno, sketi za mbele huwa nyepesi na mashine haigeuki. Ni Kinole yenye theluji.

Mambo mawili ya mwisho huandamana na pete, nayo husahauliwa. La kwanza ni upepo wa tairi. Tairi nayo ni springi, na huipokea njia kabla shokapu haijapata habari. Vitabu vya pikipiki hutaja vipimo viwili vya tairi ya nyuma, cha mtu mmoja na cha watu wawili. Cha pili huwa kikubwa zaidi. Mtu aliyeacha upepo mdogo kwa mzigo mkubwa atalaumu shokapu bure, huku tairi ndiyo inayoyumba. La pili ni mnyororo. Nyuma ikipanda na kushuka, ulegevu wa mnyororo hubadilika. Hukaza kuliko wakati wote pale ekseli ya nyuma, boliti ya uma na meno ya injini vinapokuwa katika mstari mmoja. Aliyeukaza vizuri pikipiki ikiwa tupu juu ya stendi aweza kukuta umekuwa kama uzi wa gitaa baada ya kupakia. Ukisha kubadili ngazi ya pete, upakie, kisha uutazame tena mnyororo.

Zoezi. Pikipiki moja ina springi za nyuma ambazo kwa pamoja hubonyea milimita 1 kwa kila kilo 4. Nafasi yote ni milimita 75, na kila ngazi ya pete ni milimita 5, ngazi zikiwa tano. Mwendeshaji peke yake hulemea springi kwa kilo 80. Anapakia Nyandira kilo 80 za njegere, zote zikilemea nyuma. (a) Ni ngazi ipi ya chini kabisa itakayozuia shokapu isiguse chini, uzito ukiwa maradufu shimoni? (b) Akishusha njegere Morogoro na kurudi na ngazi hiyo hiyo, gurudumu la nyuma laweza kushuka milimita ngapi ndani ya shimo? Na akirudisha ngazi ya kwanza je? (c) Ikiwa kati ya mzigo iko milimita 250 nyuma ya ekseli, na umbali wa ekseli mbili ni milimita 1,250, gurudumu la mbele limepungukiwa kilo ngapi?

Majibu yaletwe maabara pamoja na njia ya hesabu kabla ya kufunga shule. Mwenye pikipiki nyumbani alete pia vipimo viwili alivyopima kwa rula, na aandike pete aliikuta ngazi ya ngapi.